Pembe Sebuleni

Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi. Siku tulipokaa kupanga sendofu ya binti yetu mkubwa, mashangazi walibishana kuhusu sare, kuhusu mapambo, kuhusu mshereheshaji wa kumtoa Biharamulo mjini, naye amekaa kwenye mkeka wake anachambua maharage. Walipochoka akauliza, "Na mtoto ataingia ukumbini kwa mikono ipi?" Kimya. Akasema basi kuanzia kesho jioni wasichana wote wa nyumba hii waje kwake, na mimi pia nije, maana mama wa bibi harusi hawezi kuingia nyuma ya mwanawe mikono ikining'inia.

Nyakahura yetu ni njiapanda. Malori ya mizigo yanapita usiku na mchana kuelekea Rusumo, na ile barabara inayotoka Murugarama kupitia Rulenge inamalizikia kwetu. Wasubi ndio wenyeji wa Biharamulo. Upande wa Ngara ni Wahangaza na Washubi, na kati yetu wote wamejaa Wahaya, Wasukuma, Warundi na Wanyarwanda wa vizazi mbalimbali. Harusi moja hapa inaweza kuchezwa ngoma za kila pembe. Ila ukoo wa mume wangu ni Wahangaza, watu wa ng'ombe, na ngoma ya wanawake wao huchezwa kwa mikono. Miguu inatembea taratibu na kukanyaga kwa kishindo kidogo tu. Habari yote iko juu, kwenye mikono iliyoinuliwa mfano wa pembe za wale ng'ombe wa pembe ndefu ambao Rwanda huwaita Inyambo.

Ndugu zake ngoma hii wako pande zote. Rwanda wanawake wana umushagiriro, na husema gutega amaboko, yaani kuitega mikono. Uganda, Wanyankole wana ekitaguriro, nayo inapandisha mikono kwa heshima ya ng'ombe haohao. Mimi ni Msukuma niliyeolewa kutoka Kahama. Nimekulia kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, ambapo mkono una kitu cha kushika na macho yanatazama ardhi. Kuinua mikono mitupu juu ya kichwa na kuiacha huko wimbo mzima lilikuwa jambo geni kwangu, na nililipenda tangu jioni ya kwanza.

Mama mkwe alianza kwa kututaka tusimame tu. Mikono juu, viwiko vimelegea kidogo, vidole vimekaa pamoja, ncha zikitazama nje. Hizo aliziita pembe zilizosimama. Kisha pembe zilizofunguka: mikono pembeni, juu kidogo ya mabega, viganja chini. Kisha ng'ombe anayegeuka, mkono mmoja juu na mwingine umenyooka upande, kiwiliwili kikifuata ule wa chini. Na ya mwisho ng'ombe anayekunywa, mikono yote mbele na chini, kichwa kimeinama bila shingo kuvunjika. Majina hayo ni ya nyumbani kwake, aliyapata kwa mama yake. Bibi mwingine kijiji cha pili anaweza kuwa na mengine.

Jioni moja ilitosha kwa wasichana kuijua mikao yote. Walifurahi, wakaanza kuulizana juu ya nyimbo. Mama mkwe akawatazama akasema, "Mmejifunza vituo. Njia hamjaijua."

Njia ndiyo iliyokula jioni zilizofuata. Kutoka pembe zilizosimama kwenda zilizofunguka, mkono haushuki kama tawi lililokatwa. Kiwiko kinaanza, kiganja kinafuata, vidole vinafika mwisho kabisa, na wakati huohuo mguu umekanyaga. Kutoka kwa ng'ombe anayekunywa kurudi juu, mikono lazima ipite mbele ya uso, ionekane, isikatize kwa nyuma. Na mkono mmoja hautangulii mwenzake, isipokuwa kwenye kugeuka. Akiona mtu anakurupuka husema neno moja, "Buhoro," yaani polepole, na mstari mzima unaanza upya.

Mimi ni muuguzi, na darasani tulifundishwa jinsi mkono unavyopanda. Katika nyuzi 180 za kuuinua kutoka pajani hadi juu ya kichwa, takriban 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega, na kama 60 zinatoka kwenye ule mfupa bapa wa mgongoni, ambao huteleza na kuzunguka juu ya mbavu. Anayeinua kwa nguvu ya bega peke yake huchoka upesi na mabega yake hupanda mpaka masikioni. Mama mkwe hajapita darasa hilo. Alichofanya ni kuweka kiganja chake kati ya mabega ya binti yangu na kumwambia, "Inua hapa, mkono utakuja wenyewe." Ukaja. Mabega yakashuka, shingo ikarefuka, na mtoto niliyemzaa akasimama mbele yangu kama mtu mwingine.

Kuna siku alileta kanga. Akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa mjukuu, ncha nyingine kwenye wa kushoto, kanga ikipita nyuma ya mgongo. Akamwambia acheze. Mikono ikienda sawa, kanga inabaki na mlegeo uleule. Mkono mmoja ukiwahi, kitambaa kinavuta ghafla, na mchezaji anajua kabla hajaambiwa. Nilikaa nikitazama kitambaa kile kuliko nilivyotazama mikono. Mwanzoni kilikuwa kinaruka na kupiga mgongo. Kufikia jua kuzama kilikuwa kinapumua.

Mpwa wa mume wangu, aliyesoma sanaa Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, alikuja likizo akakaa na sisi. Yeye alituambia jambo lililonifungua macho: hata baleti ya Ulaya imejengwa hivyohivyo. Shule ya Urusi ya Agrippina Vaganova, aliyechapisha kitabu chake cha misingi mwaka 1934, ina mikao mitatu ya mikono pamoja na mmoja wa maandalizi. Mwitaliano Enrico Cecchetti alifundisha mitano. Ila kote huko mwanafunzi hutumia miaka kwenye kupita tu, na mkono unaopanda hupitia mbele ya mwili kwanza kabla ya kwenda juu. Mama mkwe alipotafsiriwa hayo aliitikia kwa kichwa. Akauliza kama huko nako wana ng'ombe.

Wiki ya pili ndipo wifi yangu alipofika kutoka Mwanza na wanawe wawili. Mabinti hao walikuwa wamejiandaa. Walikuwa wamejifunza ngoma kwa simu, kwenye video za vikundi vya Kigali, na kwa kweli walikuwa wepesi na wazuri kutazama. Kila hatua waliijua. Walikuwa pia wamejirekodi wenyewe, wakawa wanasahihishana kwa kutazama zile picha. Wifi alijivuna nao, na alikuwa na haki.

Mvua ikanyesha jioni hiyo, ikabidi mazoezi yahamie ndani. Sebule yetu ni ya kawaida ya hapa: masofa yenye vitambaa vya kufuma, meza ya kati, luninga, kabati la vioo lenye seti ya vikombe ambayo mama mkwe alipewa kwenye harusi yake na ambayo haijawahi kunywewa chai. Dirishani kuna pazia zito juu ya pazia la lesi, yote kwenye bomba moja. Tulisogeza meza, tukasukuma masofa ukutani, chupa ya chai ikawekwa chini karibu na mlango. Wasichana wakajipanga mstari mmoja, wa nyumbani na wa Mwanza wamechanganyika, binti yangu wa mwisho akiwa katikati kwa sababu ndiye mfupi. Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akaanza kupiga makofi na kuimba.

Pembe zilizosimama zilipanda vizuri. Zikafunguka vizuri, ingawa vidole vya wa pembeni vilikuwa vinagusa ukuta. Kisha wimbo ukafika kwenye ng'ombe anayegeuka.

Wa nyumbani waligeukia kulia. Wa Mwanza waligeukia kushoto.

Mikono iligongana kwa sauti. Bangili ya mmoja wa Mwanza ilinasa kwenye pazia la lesi, naye kwa kushtuka akavuta, na bomba lote likang'oka na misumari yake, likashuka na mapazia mawili juu ya vichwa vya watu watatu. Ncha yake ya upande wa pili ikapiga kioo cha kabati. Wifi aliruka kuokoa vikombe, akaikanyaga chupa ya chai, chai ikatiririka chini ya sofa hadi kwenye waya wa luninga, na baba watoto, aliyekuwa chumbani akisikiliza taarifa ya habari, akaingia mbio na tochi akiuliza ni nani ameanguka. Umeme tulikuwa tumeuzima kwenye swichi kubwa. Tukabaki kwenye giza, mvua ikipiga bati, mtoto mmoja analia ndani ya pazia.

Tochi ilipozunguka chumba, ilimkuta binti yangu wa mwisho. Amesimama palepale katikati, mguu mbele, mkono mmoja juu na mwingine umenyooka upande. Hakuwa ameshusha. Mama mkwe alikuwa amewaambia kwamba pembe hazishuki mpaka wimbo uishe, na wimbo haukuwa umeisha. Mama mkwe akamalizia ubeti gizani, polepole, mtoto akafunga pembe zake kwa njia iliyo sahihi mpaka chini, kiwiko kwanza, vidole mwisho. Ndipo bibi yake akauliza vikombe vingapi vimevunjika.

Vilivunjika viwili na kisahani. Sikusikia akivitaja tena mpaka leo.

Asubuhi, tulipokuwa tukianika mapazia, mpwa aliketi na wale mabinti wawili wakachunguza kilichotokea, na kilikuwa rahisi kukiona. Anayefundisha kwenye video anakutazama usoni, kwa hiyo mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto, na mtu humfuata kama anavyofuata kioo. Wao wakaongeza lingine: walijirekodi kwa kamera ya mbele, ambayo kwenye simu nyingi huonyesha picha iliyogeuzwa kama kioo. Walikuwa wamejisahihisha kwa bidii kuelekea upande usio sawa. Hakuna uzembe hapo, ni mabinti waliojituma kwa chombo walichokuwa nacho. Nilimweleza mama mkwe hivyo, naye akakubali. Akasema ndiyo sababu yeye hufundisha akiwa amewapa watu mgongo. Kwa kweli alikuwa amefanya hivyo tangu siku ya kwanza, na mimi nilidhani ni kwa ajili ya kutazama mlango wa jikoni.

Tangu hapo tulifanyia mazoezi uani, kando ya turubai la maharage, na wa Mwanza walisimama nyuma ya mgongo wa bibi yao. Kugeuza upande wa kitu ambacho mwili umekishika ni kazi ngumu kuliko kukijifunza upya. Waliteseka. Lakini walikuwa na kitu ambacho wa nyumbani hawakuwa nacho, uso uliotulia, kwa kuwa walizoea kujitazama. Wakawapa wenzao hicho, nao wakapokea njia ya viwiko. Sijawahi kuona mabinti wakipendana upesi namna ile.

Jioni moja ya hizo mama mkwe alitusimulia wapi alijifunza kulinganisha mikono ya watu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, ukoo wetu ulikuwa bado unaishi upande wa Ngara. Baadaye mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Benaco akawa anakuja shambani kwao kulima kibarua. Hakuwa mtu wa kuzungumza, na hakuna aliyemwuliza kilichompata. Siku moja, wakipumzika chini ya mgomba, mama mkwe alikuwa anamwonyesha bintiye mdogo pembe zilizofunguka. Yule mama akasimama bila kuitwa, akainua mikono yake. Viwiko vyake vilikuwa wazi zaidi kuliko vya Kihangaza, na aliviacha vikae juu muda mrefu. Wakacheza, kila mmoja kwa mkono wa kwao. Mama mkwe anasema kiwiko anachotufundisha leo kina kidogo cha yule mama ndani yake, na kwamba hakupata kujua alirudi au hakurudi.

Mpwa aliwasomea wasichana kwenye simu kwamba Desemba 2024 UNESCO iliiingiza ngoma ya Intore ya Rwanda kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na kwamba ngoma ya kifalme ya Burundi iliingia mwaka 2014. Rwanda wana pia Urukerereza, kikundi cha taifa kilichoundwa 1974. Nafurahi kwa ajili yao kwa moyo wote. Nikiwatazama wanangu uani nawaza kwamba sisi tulio katikati, Ngara na Biharamulo, tuna jamaa ya ngoma hizo, na inakaa kwenye mabega ya akina mama wachache waliopita miaka sabini. Wengi wao hawajaombwa kufundisha. Harusi nyingi siku hizi bibi harusi anaingia kwa wimbo wa spika, akipunga mkono, na bibi yake amekaa kiti cha mbele ameshika mkoba.

Sendofu ilifanyika Jumamosi. Jamaa wa bwana harusi walifika kutoka Rulenge na mavumbi kwenye kope. Spika ilizimwa, mama mkwe akaanzisha wimbo kwa sauti yake iliyokauka, mashangazi wakaitikia kwa makofi, na mlango ukafunguliwa. Binti yangu wa mwisho alitangulia. Nyuma yake wa nyumbani na wa Mwanza, kisha bibi harusi, kisha mimi. Pembe zilipanda pamoja. Zilipofika kwenye kugeuka nilishikilia pumzi, na mstari wote ukaenda kulia, mikono ikipita hewani bila kugusana, nafasi ya kiganja kati ya mtu na mtu.

Upande wa wageni mzee mmoja akainuka, akaanza kusifu ng'ombe wa ukoo wao kwa haraka na kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo wazee wa huku, na wanawake waliokuja naye wakashindwa kukaa. Waliinua mikono palepale walipokuwa, katikati ya viti. Viwiko vyao vilikuwa tofauti kidogo na vyetu. Mama mkwe aliviona mara moja, akanigusa paja akasema, "Watazame wale, watazame vizuri."

Kabla wa Mwanza hawajaondoka, mpwa alimrekodi bibi yake akicheza mikao yote minne na njia zake, kwenda na kurudi. Alimweka nje penye mwanga, akasimama nyuma yake, akatumia kamera ya nyuma, na akamwacha aimbe mwenyewe bila muziki mwingine. Video hiyo iko kwenye simu zetu zote, na anayeifuata anafuata mgongo, kulia kwake kukiwa kulia kwako. Lakini video haiwezi kukuwekea kiganja kati ya mabega. Kwa hiyo ombi langu kwako msomaji uliye na bibi, shangazi au jirani anayejua kutega mikono, awe Nyakahura, Rulenge, Muyinga au Mbarara: mrekodi wiki hii akiwa amekupa mgongo, kisha weka simu chini, simama mbele yake na umwombe akufundishe.